Pumzi ya Pili

Fomu hutangulia mgonjwa. Hii imeandikwa kwa haraka na afisa wa kliniki wa wodi ya wanaume: miaka 67, kikohozi siku sita, homa, anapumua mara 28 kwa dakika, oksijeni asilimia 90 kabla ya kuwekewa hewa. Chini yake, neno moja: kifua. Radiografa anaisoma yote, juu hadi chini, na kidole chake kinasimama mahali ambapo wengi hupapita. Je, mgonjwa amewahi kutibiwa kifua kikuu? Pameachwa wazi. Anapiga simu wodini, anasubiri muuguzi aende kitandani kuuliza, kisha anaandika mwenyewe kwa herufi za kusomeka: "TB, alitibiwa, alimaliza dawa." Maneno hayo yatakuwa na kazi kubwa baadaye, mtu atakapoitazama picha na kujiuliza kama doa lililo juu ya pafu ni la juzi au la miaka mingi iliyopita.

Hospitali hii ya kaunti iko upande wa Makueni. Wagonjwa wake wanatoka Kathonzweni, Mbumbuni na Nzaui, na tangu barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui iwekwe lami, wengine huvuka mto Athi kutoka ng'ambo ya Kitui. Wanakuja na vifua vya kila namna: vya wazee waliougua TB ujanani, vya kina mama waliopikia kuni tangu utotoni katika jiko lisilo na dirisha, vya vijana wanaopakia mchanga kwenye malori, vya watoto wa Kilungu wanaobanwa na baridi ya Julai. Anayewapokea wodini anataka kujua mambo mawili. La kwanza ni ugonjwa gani. La pili ndilo linalomnyima usingizi: kati ya hawa waliolazwa leo, nani atazidiwa usiku? Vitanda vilivyo karibu na oksijeni vinahesabika, na safari ya ambulensi hadi Nairobi si ya kuanzwa saa nane za usiku kwa kubahatisha. Picha ya kifua ni mojawapo ya vitu vichache vinavyoweza kumdokezea jambo mapema, mradi imepigwa sawasawa. Nimekaa katika chumba hiki nikitazama inavyopigwa sawasawa, na nimeamini kwamba ubashiri wa daktari huanzia hapa, mikononi mwa mtu ambaye mgonjwa huenda asilijue hata jina lake.

Chumba chenyewe hakina mengi. Kuna bamba la kupokea picha, limefungwa ukutani juu ya reli, linapanda na kushuka. Mkabala nalo linaning'inia bomba la eksirei. Pembeni kuna kibanda chenye kioo cha risasi, na ndani yake swichi. Mashine za kidijitali za namna hii zilienea katika kaunti kuanzia 2015, serikali ilipoanzisha mpango wa kukodi vifaa kwa hospitali 98, mbili kwa kila kaunti pamoja na nne za kitaifa. Radiografa anaanza kwa kulifuta bamba kwa spiriti, pale kidevu kitakapogusa na pale kifua kitakapoegemea. Kisha analivuta bomba nyuma hadi umbali wa sentimita 180 na kuhakikisha kwa kipimo kilichochorwa relini. Umbali huo una sababu. Mionzi hutoka mahali padogo na kutawanyika, na bomba likikaribia mno, vilivyo mbali na bamba huvimba pichani, moyo ukiwa wa kwanza. Kwa sentimita 180, mgonjwa akiwa ameligeuzia bomba mgongo, moyo unakaa karibu na bamba na kivuli chake kinakaribia ukubwa wake wa kweli. Daktari akija kusema moyo wa mzee huyu umepanuka, awe na haki ya kusema hivyo.

Mzee anaingia kwa kiti cha magurudumu, akisukumwa na binti yake.

"Karibu, Mzee. Utaweza kusimama kidogo?"

"Nitajaribu, mwanangu."

Anaulizwa majina yake yote matatu, kisha umri, kisha kijiji, na kila jibu linalinganishwa na fomu, maana wodi moja ya Ukambani inaweza kuwa na kina Mutua wanne. Halafu nguo. Shati lina vifungo vya chuma, mfukoni mna simu, shingoni mna rosari. Kila kimoja kinavuliwa bila papara na kukabidhiwa binti, ambaye anaombwa asubiri nje. Kwa wanawake ni sidiria na mikufu, na zaidi ya hapo nywele: msuko mnene ukiangukia begani huacha utepe mweupe juu kabisa ya pafu, mahali hasa ambapo TB hupenda kukaa. Ndiyo maana droo ya radiografa huyu ina mipira ya kufungia nywele na leso safi zilizokunjwa. Hakuna aliyemwagiza aziweke. Alizinunua mwenyewe, baada ya kuona picha nyingi zikirudiwa kwa sababu ya nywele.

Sasa ni kazi ya mikono. Kidevu kinainuliwa kikae juu ya ukingo wa bamba. Migongo ya viganja inawekwa kiunoni, viwiko vinapelekwa mbele, mabega yanaviringishwa hadi yaguse bamba, ili makombe ya bega yaondoke juu ya mapafu. Radiografa hamsukumi mzee. Anaweka viganja vyake nyuma ya mabega, anasubiri misuli ilegee, ndipo anayapeleka mbele taratibu. Anarudi nyuma hatua chache, anamtazama mgongo wote. Bega la kushoto limeshuka. Nyonga imekaa upande kwa uchovu. Hagusi bega. Anainama, anausogeza mguu wa kulia wa mzee upana wa vidole viwili, na mwili mzima unanyooka wenyewe. Nilipomuuliza baadaye alijuaje, alisema mgonjwa aliyechoka hujipinda kuanzia miguuni, kwa hiyo kumnyoosha mabega ni kumsumbua bure. Kupinda kidogo tu kunatosha kulifanya pafu moja lionekane jeupe kuliko jingine, na weupe kwenye picha ya kifua ndio unaoitwa ugonjwa.

Anabandika herufi R ya risasi upande wa kulia, anaubana mwanga wa bomba uishie kwenye kifua pekee, anamfunga mzee aproni ya risasi kiunoni, kisha anaingia nyuma ya kioo.

"Mzee, vuta pumzi. Sasa toa."

Hajabonyeza kitu. Pumzi ya kwanza ya mgonjwa aliyebanwa ni fupi, ina woga ndani yake, na mara nyingi huishia kwenye kikohozi. Ndivyo ilivyo leo. Mzee anakohoa mpaka mabega yanatoka kwenye bamba. Foleni nje ni ndefu na mlango umeshabishwa mara mbili, lakini radiografa anatoka kibandani, anamrudisha mabega mahali pake, anamwambia apumue kawaida kwanza. Anamweleza tena kwa Kikamba, kwa sauti ya chini. Anarudi kwenye swichi. Swichi hiyo ina hatua mbili: ukiibonyeza nusu, mashine inanguruma ikijiandaa; ukiibonyeza yote, inapiga. Anaibonyeza nusu mzee anapoanza kuvuta pumzi ya pili, huku macho hayabanduki kwenye mbavu. Zinapanda, zinapanda bado, zinasita.

"Shika hapo."

Mlio mfupi.

"Haya, pumua, Mzee. Umefanya vizuri sana."

Mionzi aliyopokea ni kama milisivati 0.02, kiasi ambacho mtu yeyote hukipata kwa siku chache kutokana na ardhi na anga tu. Radiografa haogopi kipimo hicho. Anachoogopa ni kumsimamisha tena mtu ambaye kusimama kunamgharimu hewa.

Picha inatokea kwenye skrini baada ya sekunde chache. Mimi nilikimbilia kutafuta ugonjwa. Yeye aliikagua kazi yake. Anahesabu mbavu za nyuma kuanzia juu, upande wa kulia: ya kumi inaonekana juu ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kwa hiyo pumzi ilitosha. Anatazama ncha za ndani za mitulinga, zote mbili ziko umbali sawa na mstari wa uti wa mgongo, kwa hiyo mwili haukupinda. Pingili za mgongo zinaonekana kwa mbali nyuma ya moyo, kwa hiyo mionzi haikuzidi wala haikupungua. Makombe ya bega yako nje. Mwisho anaangalia pembe mbili za chini, pale mbavu zinapokutana na kiwambo, kuhakikisha hazikukatwa. Huko ndiko maji hutua mgonjwa akiwa wima, na yanaweza kufika kama mililita 200 kabla pembe haijaanza kufifia. Picha iliyokata pembe hizo imemnyang'anya daktari mojawapo ya dalili anazozihitaji zaidi. Ameridhika. Ndipo anaituma wodini.

Subira hii ina asili yake. Mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi hiyo miaka mingi upande wa Kitui alinieleza enzi za filamu za kuoshwa kwa dawa. Picha ilipigwa kwenye kaseti, ikapelekwa chumba cha giza, ikafunguliwa chini ya taa hafifu nyekundu. Dawa ya kukuza picha inataka kama dakika tano ikiwa na joto la nyuzi 20, lakini Kitui ya Februari haina maji ya nyuzi 20. Dawa ikipata joto inakimbia, picha inaungua na kuwa nyeusi, na pafu gonjwa linaonekana zima. Kwa hiyo kipimajoto kilikaa ndani ya tangi siku nzima, na yeye alipunguza muda kwa kufuata jedwali lililobandikwa ukutani, akihesabu gizani. Baada ya dawa ya pili, ile ya kuigandisha picha, filamu ilitaka kuoshwa kwa maji mengi, na maji Kitui yamekuwa ya kununuliwa kwa mtungi. Alipanga filamu kadhaa kwenye fremu zake, akaziosha pamoja, akabadilisha maji kwa zamu. Filamu isiyooshwa vizuri hugeuka rangi ya chai ndani ya miaka michache, na mgonjwa akirudi na kikohozi kingine hakuna cha kulinganisha. Wilhelm Röntgen alipoigundua mionzi hii mjini Würzburg tarehe 8 Novemba 1895, wiki saba hivi zilitosha kupata picha ya mkono wa mkewe na kuitangaza dunia. Kuipiga picha hiyo ikawa ya kuaminika kila siku, katika joto na vumbi, ni kazi iliyoachiwa watu kama mzee huyu.

Wodini, afisa wa kliniki ameifungua picha kwenye kompyuta. Wataalamu wa radiolojia ni wachache nchini na wengi wako Nairobi, kwa hiyo usiku msomaji wa kwanza ni yeye. Radiografa amepanda kuungana naye, jambo ambalo si lazima afanye. Wanasoma kwa utaratibu. Jina, tarehe, herufi R. Bomba la hewa: liko katikati, halikuvutwa upande. Mifupa: mizima. Moyo: chini ya nusu ya upana wa kifua. Kiwambo: upande wa kulia ukingo wake umepotea. Hapo wanasimama. Ukingo wa kitu huonekana pichani kwa sababu hewa imekaa kando yake. Hewa ikiondoka na nafasi yake ikajaa usaha, ukingo unafutika. Kiwambo cha kulia kikifutika, sehemu ya chini ya pafu la kulia imejaa. Ndani ya weupe huo kunaonekana mistari myeusi inayogawanyika, mirija ya hewa ambayo bado iko wazi katikati ya vifuko vilivyojaa. Mirija ikionekana hivyo, kinachosumbua kimo ndani ya pafu lenyewe, si maji yaliyolizunguka.

Pafu la kushoto linahitaji jicho la kutulia zaidi. Mishipa ya damu katika pafu zima hutoka katikati ikiwa minene, ikaendelea kugawanyika na kukonda kuelekea pembeni, kama matawi ya mbuyu wa Kibwezi uliopukutisha majani. Anayezoea kuyatazama matawi hayo hugundua upesi pale yanapofunikwa. Chini kushoto, nyuma ya moyo, yamefunikwa. Katikati yamezidi unene na kuzungukwa na vijistari vyembamba. Na juu kabisa, nyuma ya mtulinga, kuna doa jeupe lenye kingo ngumu, limeivuta mishipa ya jirani kuelekea kwake. Afisa anaonyesha kwa kalamu: "Hili je?" Radiografa anamwonyesha fomu. TB, alitibiwa, alimaliza dawa. Kovu la zamani huvuta. Nimonia mpya hujaza. Wanaliacha nje ya hesabu, na afisa anaandika pembeni kwamba makohozi yapimwe hata hivyo, kwa kuwa TB inaweza kurudi palepale. Tahadhari hiyo ina msingi. Uchunguzi wa kitaifa wa TB wa 2015 na 2016 uliwapiga Wakenya picha za kifua vijijini na mijini, na ulionyesha kwamba kungoja kikohozi cha wiki mbili pekee kungewaacha takriban nusu ya wagonjwa bila kujulikana.

Kisha inakuja hesabu yenyewe. Afisa huyu aliizoea katika wodi za korona, na chimbuko lake ni mji wa Brescia nchini Italia, ambako madaktari waliitunga 2020 na kuipa jina la kale la mji wao, Brixia. Anachora mistari miwili juu ya picha, mmoja chini ya tao la aota, mwingine chini ya mahali mishipa mikubwa inapoingia pafuni. Kila pafu linapata vyumba vitatu, jumla sita. Kila chumba kinapewa alama: 0 kama ni safi, 1 kama kuna vijistari tu, 2 kama vijistari vimechanganyika na weupe lakini vimeuzidi, 3 kama weupe umetawala. Upande wa kulia: 0, 2, 3. Wa kushoto: 0, 1, 2. Jumla 8 kati ya 18. Kazi yote imechukua dakika chache, na sehemu kubwa ya dakika hizo imekwenda kwenye chumba kimoja, cha kati kulia, wakibishana kwa heshima kama ni 2 au 3. Radiografa alisema 2, akaonyesha mishipa inayoonekana bado kupitia weupe. Afisa aliikuza picha, akatazama kwa muda, akakubali.

Huko Brescia, waliokufa walikuwa na alama za juu kuliko waliorudi nyumbani. Lakini kipimo hicho kilijengwa juu ya korona, na afisa hakichukui kama hukumu ya mzee mwenye nimonia ya kawaida. Anakitumia kama njia ya kuandika kwa usahihi anachokiona, ili atakayepokea zamu asisome "weupe pande zote mbili" na kuachwa akikisia. Ubashiri wake anaujenga kwa vitu vingi. Kipimo cha Waingereza cha 2003, kinachouliza kuhusu kuchanganyikiwa, yurea, kasi ya pumzi, presha na umri, hakiitazami picha hata kidogo. Kile cha Wamarekani cha 1997 hutoa alama 10 kwa maji yaliyozunguka pafu, na mwongozo wao wa 2007 huhesabu nimonia iliyoingia zaidi ya sehemu moja ya pafu kuwa mojawapo ya dalili za hali mbaya. Kwa TB kuna hesabu iliyotokea Timika, Indonesia, 2010: asilimia ya pafu lililoshambuliwa, ukiongeza 40 kama kuna tundu lililoliwa ndani yake. Kwa mzee wetu, umri umezidi 65, pumzi 28 ziko karibu na mpaka wa 30, mapafu yote mawili yameguswa, pembe za chini hazina maji. Afisa anaamuru ahamishiwe kitanda kilicho karibu na kituo cha wauguzi, awekewe oksijeni, na pumzi zake zihesabiwe kila saa usiku kucha.

Kubishana juu ya chumba kimoja kunaweza kuonekana ni kupoteza muda. Si hivyo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa kusoma picha za vifua vya watoto 2001, lilifanya hivyo kwa sababu madaktari wawili wazuri waliweza kuitazama picha moja na kutoa majibu mawili. Kilifi, kwenye utafiti wa miaka mingi wa nimonia ya watoto, picha husomwa na watu wawili kila mmoja peke yake, na wakitofautiana huenda kwa mwamuzi. Ni kwa usomaji wa nidhamu hiyo ndipo ilipojulikana kwamba chanjo ya nimokoka, iliyoingia Kenya Januari 2011, ilipunguza nimonia inayothibitishwa na picha kwa karibu nusu. Watu waliosoma kila picha kwa uaminifu wa namna hiyo ndio waliowezesha matokeo hayo kuonekana.

Siku ya tatu picha ya pili inapigwa. Mzee alikuwa amechoka alfajiri, kwa hiyo aliyekuwa zamu alimpigia kitandani: bamba nyuma ya mgongo ndani ya mfuko wa plastiki, bomba mbele ya kifua, karibu. Alama zilipanda hadi 11. Moyo nao ulionekana mkubwa. Afisa akaanza kuulizia ambulensi.

Radiografa wetu aliingia kazini saa mbili asubuhi na kuziweka picha mbili kando kwa kando. Hakusema neno kwa muda. Alihesabu mbavu: kwenye picha mpya zilionekana nane tu juu ya kiwambo. Pumzi ilikuwa fupi, mapafu yalibanwa, na pafu lililobanwa huwa jeupe sehemu ya chini hata likiwa zima. Mionzi ilitoka mbele, kwa hiyo moyo ulikuwa mbali na bamba na ukavimba. Aliuliza maswali mawili tu: anapumua mara ngapi sasa, na oksijeni ikoje? Mara 22, akajibiwa. Asilimia 95 kwa hewa kidogo. Akaomba, kwa upole wa mtu anayejua anaomba jambo zito, mzee aletwe chini kwa kiti, na mtungi wa oksijeni uje naye.

Akarudia kila kitu. Spiriti kwenye bamba, sentimita 180, kidevu, viganja, mabega, mguu wa kulia. Safari hii mzee alijua zamu yake na aliviringisha mabega mwenyewe. Pumzi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapanda hadi juu. Picha ikatoka na mbavu kumi, mitulinga sawa, na alama zilezile za mwanzo: 8. Ugonjwa haukuwa umepungua pichani, jambo ambalo halikumshangaza yeyote, kwani weupe wa nimonia huchelewa kuondoka hata mgonjwa anapopata nafuu. Lakini haukuwa umeongezeka. Ambulensi ikabaki kwa aliyeihitaji zaidi, mama wa Mutomo aliyekuwa akipumua mara 36.

Sikusikia mtu akimlaumu aliyepiga ile ya alfajiri. Radiografa aliandika tu chini ya picha hiyo, kama inavyopaswa kuandikwa: imepigwa kitandani, kwa mbele, ameketi nusu, pumzi fupi, saa kumi na moja alfajiri. Kwa maelezo hayo picha bado ina faida. Itakayopigwa tena kitandani kwa namna ileile ina cha kulinganishwa nacho.

Makohozi ya mzee hayakuonyesha TB. Aliporuhusiwa kwenda Kathonzweni alipewa tarehe ya kurudi baada ya wiki sita, kwa picha ya mwisho, kwa sababu nimonia isiyoondoka kabisa kwa mtu wa umri wake inaweza kuwa imeficha uvimbe nyuma yake. Binti aliuliza kama ni lazima, ikiwa baba anatembea na kula. Radiografa alimketisha, akamfungulia picha zote mbili za kusimama, akamwonyesha ukingo wa kiwambo uliofutika na kumwambia ndio huo wanaotaka kuuona ukirudi. Kisha akamwandikia kwenye kadi tarehe, siku ya wiki, na mambo matatu ya kukumbuka: mzee avae shati lisilo na vifungo vya chuma, wafike kabla ya saa tatu asubuhi foleni ikiwa fupi, na kama kuna filamu yoyote ya zamani ya wakati alipotibiwa TB imehifadhiwa nyumbani, hata kama imegeuka rangi, waje nayo.